Mupangaji wa Nyumba ya Nyuma

Dilala, Kolwezi
9 Februari 2023

Mutoto yangu Mignonne,

Amani ya Bwana iikale mu nyumba yako. Shiye hapa tuko. Mama yako anakohoa, lakini anakohoa na nguvu, na mi nilitumika na mashine maisha yangu yote: injini inayopiga kelele haiyakufa. Usicheke.

Barua hii nimeipatia Kanyinda, chofere ya bisi ya Lubumbashi, juu telefone ni kitu ya bantu bale bako na masikio. Yangu ilibakia mu kariere, kule tulichimbaka mawe, pamoja na baruti. Ukipiga, naona tu kinywa ya mama yako inatembea, inatembea, mwisho ananipigia kelele kama Mignonne anakusalimu. Maneno yote ile, na mi napata salamu tu. Basi andika, mutoto. Macho yangu ingali muzuri.

Sasa angalia habari. Jumanne mama yako alikuwa ku maombi ya bamama, mi niko pa kiti mbele ya mulango. Bakatokea bijana batatu na nguo ya kazi ya manjano, makaratasi mu mukono. Mumoja akanisalimu na heshima, akaongea maneno murefu. Nikaitikia na kichwa. Mutu muzee hawezi kusema kila saa "rudilia, mutoto." Kisha mwenzake akafungua kopo ya rangi, akaandika namba pa kibambazi ya nyumba, karibu na dirisha. Namba nyekundu, mukubwa sawa mukono yangu. Bakaenda kwa jirani yetu Mama Kalenga, bakaandika na kwake. Avenue yote bakaimaliza.

Mi sina lazima ya masikio kwa kusoma rangi. Hapa Kolwezi hata mutoto wa chekechea anajua: namba nyekundu pa kibambazi, njo kampuni ya migodi inakuya. Chini ya miguu yetu kuko shaba. Kule ng'ambo baliandika vile vile, kisha bakapima, kisha bakalipa, bantu bakahama. Bengine balijenga, bengine balikunywa yote, lakini balilipwa.

Unajua mama yako anachoka na vumbi ya hapa. Kila Jumapili anaongea Kabongo, kwabo kule alizaliwa: ginsi hewa ya kule iko muzuri, ginsi dada yake angali anamuwekea nafasi pa lupango, kiwanja ya bazazi wabo. Toka kampuni ya zamani ilitufukuza kazi na kunipatia nyumba hii pa nafasi ya mishahara, sikukuwa na neno muzuri ya kumupa. Ile jioni nilikuwa nayo. Nilimwambia: "Tutajenga Kabongo." Akaniuliza na mikono, jikoni itaangalia wapi. Mpaka leo anapanga jikoni.

Weye uko mwalimu. Unishauri: siku banarudi kupima, nifanye nini?

Tata yako,
Symphorien Kitenge


Lubumbashi
21 Februari 2023

Tata mupendwa,

Nilisomea barua yako mbele ya darasa, batoto bananiangalia, machozi ikaanza kunitoka bila haya. Moja wao akaniuliza kama kuko kilio kwetu. Nikamujibu: hapana, kwetu safari hii kuko furaha.

Tata, nikuambie kitu. Mwenzangu wa kazi, Jessica, bakwe bake balihamishwa na kampuni. Ni bantu ba Mungu. Siku ya kupima balifagia lupango, bakavaa nguo ya kila siku, bakanyamaza. Walipewa ya kununua godoro na baiskeli. Jirani yabo, fundi wa radio, mutu asiyejua hata mulango ya kanisa, alipanda miti ya matunda juzi yake tu na kusema nyumba ya kuku ni butike ya kuuzisha bitu. Ule fundi leo iko na nyumba ya matofali na geti ya chuma.

Njo maana nakuomba: ile siku usikuwe Mukristo sana. Sikuambie useme bongo, udanganye bantu. Nakuambia usiikale pale sawa masikini aliyekuya kuomba chumvi. Ile nyumba ya nyuma, yenye unawekaka mahindi, ina milango, ina madirisha, ni nyumba kamili. Ipake rangi. Nakutumia kitu kidogo kwa mukono ya Kanyinda, ununue chokaa.

Na mwambie mama jikoni iangalie kule mwangaza ya asubui inatokea. Mukaango ukiungua aone mbele ya kunusa.

Mutoto wenu,
Mignonne


Dilala
16 Machi 2023

Mignonne mutoto yangu,

Balikuya! Leo asubui. Ningali na kositimu yangu pa mwili, ile ya ndoa yako, juu nimekataa kuivua mbele sijakuandikia.

Chokaa yako ilifanya kazi. Nyumba ya nyuma imekuwa nyeupe sawa yai. Nilitoa mahindi, nikaingiza kitanda, meza, na kitambaa ya mama yako ya maua. Kisha nikaikala pale na kujiuliza: nyumba iko, kitanda iko, lakini mutu iko wapi? Nyumba bila mutu ni ghala tu. Njo akili moja ikaniingia, sijui ilitoka kwa Mungu ao kwa ule fundi wako wa radio. Nikaosha mashati yangu meupe ya Jumapili, nikaazima na ya bandugu ba korale, baimbaji ba kanisa, nikayatandika yote pa kamba mbele ya ile nyumba.

Ule kijana wa kwanza, jina yake Kazadi, niliisoma pa kifua yake. Alipima mbele, akapima nyuma, akahesabu madirisha. Alipoona mashati akasimama, akanionyesha na kidole, uso yake inauliza. Nikajibu mbele hajamaliza: "Ni Monsieur Gérard, injenieri muzungu. Ananipangia toka mwaka jana." Akasugua vidole, njo kusema analipa namna gani. Nikasema dola, kila mwezi, hachelewake. Kazadi akanishika mukono na mikono yake yote mbili. Kinywa yake niliisoma vizuri: "Tata, Mungu akubariki."

Gérard alikuwa shefu yetu mu kariere, alikufaka zamani kwabo Ulaya. Nilijiambia hatakasirika.

Kitu moja ilinishangaza. Bantu ba avenue yetu, sijui ni nini ilibaingia. Milango imefungwa, bitu bimefichwa. Mama Kalenga alitoa mpaka mapazia ya madirisha, akafungia mbuzi mu salon, mahali bageni banakalaka! Mi nasimama na kositimu, yeye ananipungia mikono juu ya lupango, anapunga, anapunga. Na miye nikamupungia. Nikawaza: masikini Kalenga, ni mujane, hakuna mutu ya kumushauri, atalipwa ya mbuzi.

Mama yako nilikuwa nimemutuma soko ya Manika kununua kuku, juu bageni bale kwetu. Alichelewa, bakakataa kungoja. Aliporudia nikamuelezea yote: Gérard, dola, mikono mbili. Akaniangalia, akaweka kitunga chini. Kisha akafanya ishara ya mukono ku kinywa, tukule kwanza. Alipika ile kuku na majani ya sombe na bukari ya mahindi, tukakula sawa siku ya Pasaka. Sijacheka vile toka zamani.

Anza kuulizia bei ya mabati kule Lubumbashi.

Tata yako,
Symphorien


Lubumbashi
17 Machi 2023

Tata,

Barua hii ni ya haraka, samahani kwa salamu.

Jana ku kanisa kulikuwa mugeni wa kutoka Dilala. Nikamuendea na furaha yangu, nikamuuliza kampuni gani inachukua avenue zenu. Akacheka, kisha akaona uso yangu, akaacha.

Tata, si kampuni. Ile namba ni ya kodi. Toka miaka mingi hawakupima tena nyumba za Kolwezi, nyingine bado ziko na bei ya wakati ya Zaïre. Sasa banazirudilia zote. Banaangalia kibambazi, vyumba, nani anapanga na analipa nini, kisha banapandisha avenue cheo ao banaishusha. Cheo ya juu, kodi ya juu, kila mwaka. Na mwenye iko na mupangaji analipa tena kodi ingine juu ya ile dola anapokea. Ule mugeni alisema kwao bantu bote banajua: siku ya kupima, mutu anavaa shati ya kupasuka na kusema nyumba inaanguka.

Kwa hiyo sahau bile nilikuandikia. Rudisha mahindi mu nyumba ya nyuma. Tia hata mbuzi kama uko nayo. Ukiulizwa, sema muko bazee babili tu, hakuna mupangaji, hakuna kitu.

Nimempigia mama, telefone yake haipokee. Nasimama pa kituo kungojea Kanyinda. Naomba Mungu barua hii ifike mbele yabo.

Mignonne


Dilala
4 Aprili 2023

Mignonne,

Barua yako na yangu zilipishana mu njia, juu yangu niliipatia chofere ya bisi ingine. Pengine bisi mbili zilipigiana honi pale Likasi, moja na kicheko yangu ndani, ingine na kilio yako.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikavaa ile kositimu na kuenda biro yabo ya kodi, kule Manika. Nilifikiri: mi ni katekista, nimefundisha nusu ya bantu ba mji huu amri ya nane, nikisema mwenyewe kama nilidanganya, bataniachilia. Mutu anaungama, anasamehewa. Njo ginsi najua.

Kazadi alinitambua pale pale, akanipa kiti. Si kijana mubaya. Nikamwambia: "Mutoto, ile siku nilikudanganya. Hakuna Gérard. Mashati ilikuwa ya korale." Akacheka na huruma, akaongea. Nikamuonyesha masikio. Akachukua karatasi, akaniandikia, na mi nakuandikia vile vile aliandika:

"Tata, hapa kila siku banakuya bantu kusema nyumba yabo ni mubaya. Weye peke yako, mu commune muzima, ulisema yako ni muzuri. Njo maana tulikuamini."

Umesikia, Mignonne? Bengine bote baliposema bongo, haikuaminiwa. Yangu ilikuwa bongo yenye hawajaona mutu anaisema, basi ikakuwa kweli.

Nikamuomba akuye kuona nyumba ya nyuma, kuko mahindi. Akaandika: "Mupangaji alitoka?" Nikasema hakuingiaka. Akaandika kama kwa kufuta mupangaji, mupangaji mwenyewe anaweka sinye, jina yake na mukono yake, pa karatasi, njo kusema ametoka. Nikamuuliza nitamutoa wapi mutu asiyekuwako. Akatikisa mabega. Akaandika tena kama watapima mara ingine, lakini haiko leo, haiko mwaka kesho, ni kisha miaka. Maji ikimwangika haizoleke, akaongeza, pengine kwa kunifariji.

Kuko neno lingine, na hii njo inanila usiku na muchana. Juu ya Gérard bamepandisha cheo ya avenue yote. Avenue yenye muzungu analipa dola haiwezi kuwa avenue ya bamasikini. Mama Kalenga na mbuzi yake mu salon, na yeye amepanda.

Mama yako hajui kitu. Barua zako mi njo namusomeaka, unajua yeye hakusomaka. Hii yako nilimusomea ginsi unauliza bei ya mabati, ginsi imeshuka kidogo. Alifurahi. Usiniandikie mambo ya kodi bila kutia mbele neno ya Kabongo, nipate kitu ya kusoma.

Symphorien


Lubumbashi
23 Aprili 2023

Tata,

Nimekasirika, na sijui ni na nani. Na Kazadi? Alifanya kazi yake. Na weye? Mi njo niliandika "usikuwe Mukristo sana." Ile maneno inanirudilia hata nikiwa naandika hesabu pa ubao.

Nilienda kumuona mutu wa sheria, mume ya mwenzangu. Alisikiliza, akasema inawezekana kukata rufaa, lakini lazima kwanza kulipa kile wanaomba, kisha kulalamika. Nikamuuliza: mwenye hawezi kulipa, yeye analalamika wapi? Akanipa maji ya kunywa.

Mishahara yetu haijatoka toka Januari. Hata nikiitoa yote, haigusi. Nisamehe kwa kukuambia vile ilivyo.

Lakini mwambie mama. Sisi bote bawili tunamujua, iko na moyo kuliko shiye. Nyumba ikienda, aone ikienda. Usimufanye mugeni mu lupango yake mwenyewe.

Mabati inapatikana, ya mawimbi makubwa na ya mawimbi madogo. Nimeandika hii upate kitu ya kusoma.

Mignonne


Musonoi
12 Novemba 2023

Mutoto yangu,

Umeona jina ya mahali pale juu ya barua. Basi nusu ya habari umekwisha kuijua.

Sikukuandikia wakati murefu. Karatasi ya kwanza ilifika, kisha ya pili na pesa ya azabu ya kuchelewa juu yake, kisha bakafunga mulango na karatasi yabo na muhuri. Tukalala ku nyumba ya parokia. Kukatokea mufanyabiashara wa Manika, akalipa kodi yote, akachukua nyumba, na kile kilibakia akanipa mu mukono. Ilitosha kwa kupanga chumba hapa Musonoi. Ukifungua dirisha unaona kariere, na mawe inatetemesha bikombe. Nimerudi karibu na baruti, mutoto, na kwa mara ya kwanza nashukuru kama siisikie.

Avenue yetu imekatika. Bamoja balipanga ku Luilu, bengine balirudi ku bijiji. Mama Kalenga aliuza nusu ya lupango yake kwa kuokoa nusu. Tukikutana ku misa, mi natoa mukono, yeye anaangalia Yesu pa musalaba. Padri alinitoa polepole pa ukatekista, alisema nipumzike.

Mama yako nilimwambia hivi: kampuni imetuweka hapa kwa kungoja, wakati nyumba ya Kabongo inajengwa. Hakuuliza kitu. Alifunga masufuria yake mu kitambaa ya maua na hajayafungua, juu anasema safari iko karibu. Tunapika na sufuria moja. Kikohozi yake imeshuka chini sasa, siione tena mabega yake inaruka. Sijui kama ni muzuri.

Najua uliniambia nimuambie. Nilijaribu. Nilikaa mbele yake, nikafungua kinywa, akaniangalia na ile macho ya Kabongo. Nikasema bei ya saruji imepanda.

Nakuomba kitu moja, na sitakuomba tena: niandikie ginsi nyumba ya Kabongo inaendelea. Mi sijui kutunga. Bongo moja nilitunga mu maisha yangu, na unaona.

Wiki iliyopita nilipita Dilala kwa miguu. Mwenye nyumba aliitengeneza, akapangisha kule nyuma. Kunakaa injenieri muzungu, analipa dola. Nilisimama mu barabara. Mashati meupe ilikuwa pa kamba, ile kamba yangu, mahali pale pale. Namba nyekundu hawajaifuta.

Bile nilisema bimekuwa kweli, Mignonne. Ni miye tu siko tena mule.

Tata yako


Musonoi
17 Desemba 2023

Mignonne mutoto wa tumbo yangu,

Ni mama yako Florentine anasema, na ni Mama Kalenga anaandika. Tata yako iko ku misa. Kalenga amefika na taksi-moto kutoka Dilala kwa kuniona, analalamika bei ya safari, lakini amefika.

Mutoto, usichoke kusoma. Nataka ujue kitu yenye tata yako hapashwe kujua.

Ile siku ya kuku, nilitoka Manika, nikakutana na bale bijana pa mwisho ya avenue yetu. Bangali banapima nyumba ya mwisho. Nikamuuliza ule Kazadi ni kampuni gani inatuhamisha. Akaniambia: mama, si kampuni, ni kodi ya nyumba. Akanisifu kwa bwana yangu, akasema ni mutu wa kweli, ametaja mpaka mupangaji. Nikashangaa mupangaji gani. Kisha nikaelewa. Nikashika njia mbio na kuku yangu mu kitunga, niseme na tata yako abafuate, aseme ni michezo ya muzee, bafute mbele hawajatoka pa avenue.

Nikafika pa mulango. Tata yako amesimama mu kositimu yake, katikati ya mashati ya korale, anacheka. Weye haukuona. Toka ile siku alirudiaka na nguo ya kazi mu sakoshi na hakuenda tena, sikuone meno ya tata yako. Akaanza kunielezea na mikono, na kinywa, na mwili muzima, sawa kijana alinioaka Kabongo. Nikasema mu roho: nimuache acheke mpaka tumalize kula.

Tukamaliza kula. Nilipotoka inje, bamekwisha kuenda.

Njo vile. Mi na masikio yangu mbili nilijua toka ile siku. Sasa, hata watu wa avenue bakitukana, bananitukana miye pa masikio, yeye haisikie. Anaponisomea barua zako, nasikia kabisa mahali anaruka na mahali anatia yake. Anasoma muzuri sana. Weye unasema kodi, yeye anasema mabati, na sauti yake haitetemeke.

Usiniulize kama najuta. Nikiona chumba hii najuta. Nikikumbuka ile kucheka, sijute. Inaenda na kurudi, kutwa muzima.

Usimuambie. Akijua kama nilijua, hatakuwa tena na mutu ya kumufichia, na ile kazi ya kunificha njo inamuamusha asubui. Andika Kabongo, mutoto. Andika murefu. Kifua yangu inajua kama Kabongo iko mbali, haiwezi kufika kule. Lakini nataka kusikia ginsi itakuwa.

Mama yako,
Florentine

Miye Kalenga naongeza yangu hapa chini, mama yako haone. Mignonne, ile siku nilimupungia tata yako mikono mpaka ikaniuma, kwa kumukataza. Na yeye akanipungia! Nilikasirika naye miezi yote hii. Nilizoea kusema njia ya mwongo ni mufupi. Leo nimeandika maneno ya mama yako, na sijui tena nimukasirikie nani. Mama anatema damu, anaficha kitambaa chini ya godoro. Ukiweza kukuya, ukuye mbele ya Pasaka. Ku misa ijayo nitamusalimu tata yako.


Lubumbashi
8 Januari 2024

Tata na mama bapendwa,

Heri ya mwaka mupya. Tata, tafazali usome polepole, na nguvu, mama asikie yote. Usiruke kitu. Safari hii hakuna ya kuruka.

Nimerudi kutoka Kabongo. Nilipanda treni, nikalala njiani, nikafika kwa dada ya mama. Anawasalimu. Amekonda kidogo lakini anacheka vile vile, na lupango ya bazazi ameifagia mpaka kule chini ku muto.

Nyumba imetoka pa udongo. Matofali ni ya kuchoma, nimeigonga na kidole moja moja, inalia sawa kengele. Vyumba ni tatu: yenu, ya bageni, na ile ya tatu ya mahindi ya tata, juu najua hatalala kama mahindi iko mbali. Mabati ilifika juu ya lori wakati mvua inaanza, bijana ba kijiji bakaipandisha kwa kuimba. Mvua ya kwanza ilipopiga, tulikaa chini yake bote, dada ya mama anapiga makofi. Haikuvuja hata tone moja.

Vumbi hakuna, mama. Nilitandika nguo nyeupe inje kutwa muzima, jioni ikabakia nyeupe.

Fundi aliniuliza rangi ya kibambazi. Nikamwambia achague mwenyewe, isikuwe tu nyekundu. Akaniuliza namba ya nyumba. Nikamwambia kwetu hatuandike namba, bantu banatujua na jina.

Nitafika Musonoi mwisho wa mwezi. Nimeomba ruhusa ku masomo kwenye nafundisha. Msijisumbue kufungua masufuria juu yangu, ibakie vile imefungwa, tutakula na ile moja.

Inabakia kitu kidogo tu, mama, na fundi hawezi kuendelea mbele hajaijua. Mwaka jana nilisema mwangaza ya asubui, lakini sikuuliza moyo yako. Jikoni yako iangalie wapi? Unijibu kwa mukono ya tata. Fundi ameikala pale pa mawe, na vyombo vyake chini, anangoja neno lako.

Mutoto wenu,
Mignonne